Kopo la Chai ya Njano

Emilian alilipata kopo hilo Kitete, mjini Tabora, katika chumba alichohama fundi mmoja Mchina. Mwenye nyumba alimwambia akalitupe. Ndani mlikuwa na vichipukizi vya njano. Alipovionja kwa maji ya moto, rangi hafifu, ukali hakuna. Chai imeharibika hii, akajiambia. Lakini Emilian hajawahi kutupa kitu ambacho mwenzake anaweza kukinunua. Akachana nywele, akaelekea Mtendeni.

Huko Bi Najiat, mwenye hoteli, alikuwa anahaha kupata tenda ya kulisha kambi ya Wachina wa reli.

"Shikamoo, Bi Najiat."

"Marahaba. Leo unauza nini?"

"Siuzi, naaga. Nahamia Dar." Akaliweka kopo mezani taratibu, kama analaza mtoto mchanga. "Chai ya njano. Hata China kwenyewe wengi hawajaionja."

"Inatoka wapi?"

Emilian akachungulia picha iliyo kwenye kopo: kisiwa, maji pande zote. "Kisiwani, katikati ya ziwa. Wanachuma vichipukizi tu, wanavipasha moto, halafu wanavivundika ndani ya karatasi mpaka vigeuke njano."

Yote aliyabuni palepale. Hilo la kuvundika aliliiba kwenye bani la mjomba wake, banda la kukaushia tumbaku, ambako jani halikaushwi mpaka ligeuke njano kwanza. Mtu wa Tabora atalibishiaje?

Najiat hakubisha. Alimpa madumu mawili ya asali ya miombo, mtaji kamili wa kuanzia maisha Kariakoo.

Jioni, stesheni, treni ikiwa imeshapiga honi, Emilian alimwona Najiat anakuja mbio, nyuma yake mzee wa Kichina mwenye kofia ya kazi.

"Emilian! Simama!"

Asimame ana wazimu? Alirukia behewa, madumu yote mawili yakabaki chini.

Treni ilipofika Kigwa simu yake ikaita.

"Bi mkubwa, nisamehe, ni shetani tu..."

"Nikusamehe nini? Mzee huyu, mkuu wa kambi, kanywa kikombe kimoja, kalia machozi! Chai ya kwao Hunan, ya kisiwani ziwani, na inavundikwa vilevile ulivyosema. Tenda kanipa. Tulikuja kukushukuru, wewe unakimbia! Asali yako basi nimeirudisha hotelini."

Emilian akakata simu, akashika kichwa. Ilimuuma, tena sana. Miaka yote alikula vizuri kwa uongo. Siku moja tu amesema kweli, anaingia Dar mikono mitupu.