Wazee Waliolia kwa Vitunguu

Kwenye benchi letu, mbele ya kibanda cha Fundi Viatu, gazeti hufika mchana, likiwa limeshapita kwa kinyozi na limeshanyofolewa ukurasa wa michezo. Anayelisoma ni Spika. Tunamwita Spika kwa sababu ana miwani, ana sauti, na hakuna aliyewahi kumchagua. Wakubwa wote wanaingia hivyohivyo.

“‘Chuo kikuu chasimamisha utafiti,’” akasoma. “‘Mtafiti ashukiwa kupika majibu ya wazee.’”

“Kupika vipi?” akauliza Gia. Gia aliendesha malori mpaka macho yakagoma, na hadi leo akikaa benchini mguu wake wa kulia unatafuta breki.

“Kupika ni kujiuliza mwenyewe, ukajijibu mwenyewe, halafu ukasema wamejibu wazee.”

“Mbona hiyo ndiyo kazi ya wakubwa siku zote,” nikasema. “Wanatuuliza lini?”

“Ameanza,” akasema Dada wa Kahawa, akinijazia kikombe. Mimi hapa wananiita Upinzani. Sikulitafuta hilo jina, lakini nikiona wakubwa wanavyoendesha mambo, sijalikataa.

Fundi alikuwa na misumari mdomoni. Akaitoa. “Lakini utafiti si una hela? Hela za wafadhili?”

“Zinaingia nyingi,” nikamwambia. “Zikifika chuoni, mkubwa wa kwanza anakata za jengo. Wa pili anakata za umeme wa jengo. Wa tatu anakata za kamati ya kuwaangalia wale wawili. Mpaka zimfikie mtafiti, zinatosha kalamu na nauli ya kwenda.”

“Na ya kurudi?”

“Ya kurudi anaiombea awamu ya pili.”

“Upinzani, umesoma wapi haya?” akauliza Spika.

“Sijasoma. Ningesoma ningekuwa nakata na mimi.”

Spika akapiga mkono kwenye gazeti kutuliza bunge. “‘Mtafiti huyo, mwanafunzi, alikuwa akichunguza upweke wa wanaume wenye umri mkubwa.’”

“Afungwe,” akasema Fundi, akapigilia msumari. “Unakaa chumbani kwako unabuni wazee, wakati wazee tumejaa.”

“Afungwe na aliyemfundisha,” akasema Gia.

“‘Mtu wa ndani ya kamati ya maadili, ambaye hakutaka kutajwa, alisema wazee wote waliohojiwa walidai kwamba mara ya mwisho kulia ni walipokuwa wakikata vitunguu.’”

Tulicheka mpaka kinyozi akatoka na mkasi mkononi kuuliza kuna nini.

“Wote?” Gia akajifuta macho. “Hata kubuni hajui. Si angemwekea mmoja msiba, mwingine timu imefungwa?”

“Wavivu hao,” nikasema. “Na huyo wa kamati naye. Kazi yake kutunza siri za watu, yeye ndiye anazipeleka gazetini, halafu asiyetaka kutajwa ni yeye.”

Spika hakucheka. Alikuwa amesogeza miwani, anasoma mbele peke yake, na sauti ilipotoka ilikuwa imeshuka. “‘Aidha, wote walidai kuumwa mgongo kwa sababu ya usukani.’”

Mkono wa Gia ulikuwa mgongoni kwake tangu zamani, ndiyo maskani yake. Tukautazama. Naye akautazama.

“Fundi,” akasema Dada wa Kahawa polepole, “wewe umewahi kushika usukani?”

“Wa baiskeli,” akasema Fundi.

Basi hapo kila mtu akawa na kitu cha kuangalia chini.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi uliopita alikuja binti mmoja wa chuo, mpole, tukamwita Binti Maswali. Akatueleza utafiti wake, akatusomea haki zetu, kwamba majina yetu hatayataja popote, na kwamba kila mtu atahojiwa peke yake, nyuma ya kibanda, kwenye vigoda viwili. Wa kwanza akaenda Gia. Aliporudi tukamtaka aseme yote. Sasa hapa kwetu ipo desturi, na huyo binti hakuna aliyemwambia: mtu akiulizwa swali, swali ni la benchi. Linajadiliwa, linapitishwa. Kila mmoja akijibu lake, mmoja ataonekana ana ndoa mbaya, mwingine hapati usingizi, na mtaa mzima utatudharau. Spika akaweka hoja kwamba majibu ya Gia ni mazuri na yapite kama yalivyo. Yakapita.

“Mimi nilipinga,” nikasema.

“Ulipinga mimi kuwa mwenyekiti,” akasema Spika. “Hoja uliiunga mkono, tena kwa mikono miwili.”

“Lakini usukani, Fundi?” nikamgeukia Fundi. “Usukani ungeuacha.”

“Mliniambia nisibadili hata neno.”

“Mnacheka,” akasema Dada wa Kahawa, ingawa hakuna aliyekuwa akicheka tena. Aliweka birika chini. “Yule mtoto alikaa hapa nilipokaa mimi, akaniambia hii ndiyo ngazi yake ya mwisho. Akikwama, nafasi yake anapewa mwingine na yeye anarudi kwao mikono mitupu. Mmemfukuzisha kwa vitunguu vya Gia.”

“Vilikuwa vitunguu vya kweli,” akasema Gia. “Mke wangu alikuwa safarini.”

“Gazeti linasema nini zaidi, Spika?” akauliza Fundi.

“‘Kamati itatoa uamuzi kesho. Afisa wa ofisi ya utafiti anatarajiwa kutembelea eneo husika.’”

“Hatakuja,” nikasema. “Afisa gani anatoka kwenye kiti? Mimi nawajua. Atakaa hukohuko, ataandika ametembelea.”

Dada wa Kahawa akanyoosha kidole kuelekea duka la vocha. “Na yule ni nani?”

Alikuwa bwana wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka mfukoni, kitambulisho kinaning’inia shingoni. Nyuma yake alikuja Binti Maswali. Amekonda. Alisimama mbele yetu akaangalia paa la kinyozi kama mtu anayetafuta linapovuja.

“Shikamooni wazee,” akaliambia paa.

“Marahaba, binti yetu.”

“Mnamfahamu?” akauliza yule bwana haraka.

“Sijasema chochote,” akasema binti. “Nimeamkia tu. Watu wote wazima nawaamkia.”

Yule bwana akavuta pumzi. “Wazee wangu, natoka ofisi ya utafiti. Dada huyu anasema alihoji watu mtaa huu. Kamati inasema hao watu hawapo. Sasa ili ajitetee inabidi awataje. Lakini aliwaahidi siri, akiwataja amevunja kanuni, na kwa hilo pia anafukuzwa.”

“Hiyo kanuni mliikalia kikao?” nikamwuliza.

“Ni mwongozo, mzee.”

“Na aliyeuandika analipwa?”

“Upinzani, tulia,” akasema Spika.

Fundi akasimama, aproni yake imejaa gundi. “Bwana mkubwa, hao watu ni sisi.”

Yule bwana akamgeukia binti. Binti akahamia kuangalia paa la duka la vocha.

“Mtu yeyote anaweza kusema ni yeye,” akasema yule bwana. “Nisameheni, wazee, lakini anaweza kuwa amewapanga. Naomba nimwulize mmoja swali moja, peke yake. Wewe, Fundi. Twende hapo nyuma.”

Wakaenda nyuma ya kibanda. Kibanda ni cha mabati, na mabati yana matundu, kwa hiyo tulikuwa nao.

“Mzee, mara ya mwisho kulia ilikuwa lini?”

Kichwa cha Fundi kikachomoza pembeni ya bati.

“Spika, tunasemaje?”

“Ile hoja ya mwanzo bado inasimama?” akauliza Spika.

“Mimi naviondoa vitunguu vyangu,” akasema Gia. “Vimeleta balaa.”

“Huwezi kuondoa kitu kilichokwisha kupitishwa na benchi.”

“Ni vyangu.”

“Vilikuwa vyako. Sasa ni vya wote.”

“Naomba mwongozo wa kiti,” nikasema. “Kwanza kiti chenyewe kiko pale kihalali?”

“Jamani, mwenzenu anasubiri jibu huku,” akasema Fundi.

Kichwa cha pili kikachomoza juu ya kile cha Fundi. Kilikuwa cha yule bwana. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akamtazama Binti Maswali, aliyekuwa ameuma mdomo na machozi yanamtoka, sijui ya kulia au ya kucheka.

“Na siku ile mlifanya hivihivi?” akauliza.

“Siku ile tulifanya kwa utaratibu zaidi,” akasema Spika. “Leo umetushtukiza.”

“Yale yote yalikuwa majibu yangu,” akasema Gia. “Wenzangu waliyapenda.”

Yule bwana akarudi mbele, akakaa kwenye kigoda cha wateja bila kukifuta. Dada wa Kahawa akampa kikombe. Akakunywa, akatoa simu yake, akaanza kuandika, akaishia katikati.

“Lipo swali moja pale,” akasema. “Ukiwa na jambo zito, unamwambia nani kwanza. Wote mlisema mke. Nalo lilikuwa lako?” akamwuliza Gia.

“Langu,” akasema Gia, akakuna goti. “Nalo nilisema tu. Binti alikuwa ananitazama vizuri, nikaona aibu kusema simwambii mtu.”

“Wangu namwambia jambo zito likishaisha,” akasema Fundi. “Ananigombeza mara moja, tunamaliza.”

“Wangu anasikia kwa majirani,” akasema Spika.

“Na wewe, mzee?” Alikuwa ananiuliza mimi.

Dada wa Kahawa akafunika birika lililokuwa limefunikwa.

“Huyo mwache, bwana,” akasema Spika, na safari hii sauti haikuwa ya kiti. “Mkewe alifariki. Siku ile tulimpitisha humohumo kwenye hoja bila kufikiri. Jibu lake lifute. Samahani, Upinzani. Yalikuwa makosa yetu.”

“Nani ameomba kufutiwa?” nikasema.

“Ndugu yangu, wewe...”

“Lenu ndilo la uongo. Langu ni la kweli.” Nikamgeukia yule bwana wa kitambulisho. “Andika. Jioni nikifunga mlango namweleza mke wangu yote. Habari za Spika, habari za bei ya unga, habari za ile mashine ya hospitali iliyokuwa imefunikwa shuka siku aliyokuwa akiihitaji, kwa sababu mkubwa mwenye ufunguo alikuwa semina. Hiyo namweleza kila siku. Nikimaliza nalala.”

Yule bwana akashusha simu.

“Na anakujibu?” akauliza Gia, taratibu, kwa sababu Gia hawezi kuacha swali barabarani.

“Alipokuwa hai, nikianza habari za serikali alikuwa analala katikati. Hakuna kilichobadilika.”

Fundi ndiye aliyeanza kucheka. Kisha wote, na yule bwana naye akacheka akiwa amejiziba kwa kitambulisho chake, mpaka ilibidi aweke kikombe chini. Binti Maswali peke yake hakucheka. Aliacha mapaa, akanitazama mimi.

“Basi,” akasema yule bwana, akajifuta. “Kamati nitaiambia watu wapo, nimewaona, na nimewasikia kuliko nilivyotaka. Dada, hukupika. Ulipikiwa.”

“Kwa hiyo sifukuzwi?”

“Hufukuzwi. Lakini yale majibu hayafai, isipokuwa moja. Utarudia upya, mmoja mmoja, na si hapa. Nyumbani kwa kila mzee, mlango umefungwa.”

Binti akashika ukingo wa kibanda kama mtu aliyeshuka kwenye gari la mwendo mrefu. Dada wa Kahawa akampigia vigelegele vifupi. Halafu maana ya maneno ikaingia benchini.

“Nyumbani?” akasema Gia. “Mke wangu akisikia naulizwa jambo zito namwambia nani, atataka kulijua hilo jambo. Na likiwa halipo atalitengeneza.”

“Mimi nimeshatangaza nyumbani kwamba mgongo ni wa kushona viatu,” akasema Fundi. “Leo aje mtu na habari za usukani, nitaeleza nilikuwa naendesha nini na nilimpeleka nani?”

“Naweka hoja,” akasema Spika, “tuhojiwe sote nyumbani kwa Upinzani, kwa zamu.”

“Hapana,” akasema yule bwana na binti, kwa pamoja.

“Hoja imekataliwa na watu wasio wajumbe. Iingie kwenye kumbukumbu.”

Binti Maswali akauliza, tena kwa upole uleule wa mwanzo, nani angependa kuanza kesho. Gia akasema kesho ana miadi ya meno. Fundi akarudisha misumari mdomoni ili asiweze kusema. Spika akafungua gazeti palepale penye ukurasa uliokwisha kunyofolewa, akausoma.

“Njoo kwangu,” nikasema. “Nyumba ya kona, mlango wa buluu. Mkubwa wako naye aje kama anaweza kutoka kwenye kiti.”

“Nitakuja, mzee,” akasema yule bwana.

“Tutaona. Mmeahidi mengi.”

Gia akataka kujua nitajibu nini, ili benchi lijiandae. Nilimaliza kahawa yangu nikiwa nimesimama, nikaondoka kabla ya wote, na mpaka nafika kwenye kona nilikuwa bado namsikia Spika akiuliza kama niliomba ruhusa. Nyumba ilikuwa haijafagiwa siku nyingi, vikombe vizuri viko juu ya kabati havijashushwa tangu msiba, na ilibidi niwahi kumwambia mke wangu kwamba kesho tuna wageni.