Kishikwambi kilivyoniumbua mbele ya bibi yake Devota

Jamani, leo nimeaibika mbele ya watoto arobaini na mmoja na bibi mmoja. Mpaka sasa masikio yanawaka moto.

Kwa wasionijua: mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, kijijini huku Ngara, njia ya kwenda Kabanga. Nimezaliwa Biharamulo mjini, kwa wauza kanga ambao babu yao alitoka pwani. Kihangaza, lugha ya wenyeji wa huku, sikijui. (Nina miaka miwili hapa. Najua kusalimia na kuomba maharage.)

Darasa letu lina kishikwambi kimoja, changu. Watoto wanakiheshimu kuliko wanavyoniheshimu mimi. Sheria nimeziweka mwenyewe: unanawa, unakausha mikono, unagusa kwa kidole kimoja. Na kikiwa kinaongea, hakuna kuongea, hakuna kucheka, hakuna kukigusa!

Sasa yupo Devota. Mtoto mpole, analelewa na bibi yake. Akisoma kwa sauti, "kulala" inakuwa "kurara", wenzake wanacheka, naye anafunga kitabu. Nikamwambia awe anabaki baada ya masomo, asome peke yake, kishikwambi kikimrekodi. Wiki tatu tu, mtoto akafunguka.

Bibi akatuma neno: mjukuu wake anachelewa nyumbani kwa kuchezea simu kubwa ya mwalimu, na maharage yanangoja palizi. Anamkataza kubaki.

Nikamwomba aje leo asikie mwenyewe. Na kwa kiherehere changu, jana jioni nikajirekodi kwenye kishikwambi hicho hicho nikifanya mazoezi ya kumkaribisha kwa Kihangaza.

Saa nne akafika. Kitenge kimenyooka, fimbo mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwarimu. Haya, hiyo simu iko wapi?"

Nikampa kiti changu. Nikaunganisha spika. Nikabonyeza sauti ya kwanza kwenye orodha, nikijua ni ya Devota.

Ikatoka yangu.

Kihangaza cha kubahatisha, kikubwa, chumba kizima. Nikabonyeza kuzima. Wapi! Nikabonyeza tena. Kioo kimegoma. (Nilikuwa nimetoka kula andazi ofisini. Vidole vinang'aa mafuta.)

Sauti ikaendelea: jaribio la pili. La tatu. Katikati yake nikajisikia nikisema kwa Kiswahili safi kabisa: "Ya Rabi, huyu bibi ananitisha kuliko mkaguzi!"

Bibi akageuza shingo taratibu. Akanitazama.

Watoto? Kimya. Mikono imekunjwa, midomo imebanwa, mashavu yamejaa, machozi yanawatoka. Hakuna aliyecheka. Sheria!

"Jamani, mmoja anizimie!"

Kiranja akasimama. "Madam, ulisema kikiongea tusikiguse."

Tukasikiliza mpaka jaribio la sita. Wote. Kwa heshima.

Kilipomaliza, Devota akaja mbele na kitambaa chake, akafuta kioo polepole, kama anayemfuta mtoto uso. Kisha akaninong'oneza, ila darasa lilikuwa kimya mno:

"Madam, hukunawa."

Ardhi ipasuke nizame! Nikatoka mbele ya wanafunzi wangu kwenda kwenye ndoo. Nikanawa. Nikakausha. Nikarudi nikiinua mikono waione. Kiranja akatikisa kichwa kunikubalia.

Safari hii Devota alibonyeza mwenyewe.

"Shikamoo bibi. Mimi ni Devota. Nitasoma habari ya mbuzi."

"Marahaba, mjukuu wangu," bibi akaijibu spika.

Devota wa kwenye spika akasoma ukurasa mzima. Mbuzi akala, mbuzi akanywa, mbuzi "akarara". Darasa halikutoa hata pumzi. Devota mwenyewe alikuwa anatazama miguu yake. Bibi ameinama, mkono nyuma ya sikio, na mwisho wa ukurasa akashika ncha ya kitenge akajifuta macho.

"Ni yeye huyu?" akaniuliza. "Nyumbani haongei namna hii."

"Ni yeye, bibi."

Akamvuta mtoto karibu, akamshika kidevu. "Utabaki kusoma. Maharage nitapariria mwenyewe."

Nikapumua. Mapema mno.

"Na wewe, mwarimu. Unajua umenikaribisha kwa maneno gani?"

"Nilitaka kusema mjukuu wako anasoma vizuri."

"Umesema mjukuu wangu amepikika vizuri. Mara sita!"

Akaanza kucheka yeye. Kishikwambi kilikuwa kimeshanyamaza, kwa hiyo hakukuwa na sheria ya kuwazuia. Watoto arobaini na mmoja waliangukia madawati. Devota naye, meno yote nje. Nilikuwa sijawahi kuyaona meno ya yule mtoto.

Bibi akasimama, akachukua fimbo yake. "Jumamosi uje nyumbani nikufundishe. Daftari uje naro."

Msinicheke, tafadhali. Kuna mtu ana penseli ya ziada? Jumamosi naanza darasa la kwanza.