Kikopo cha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Wanafunzi thelathini na mmoja wanaharisha. Bweni zima linanuka dawa. Afisa afya kaja jikoni na boksi la vikopo. Kasema kila anayeshika chakula cha shule apeleke choo maabara ya afya ya jamii, kipimwe bakteria wa salmonela. Atakayekutwa nao hagusi sufuria mpaka apone.
Mpishi mkuu anastaafu mwisho wa mwezi. Wa kumrithi ni wawili. Mimi, miaka kumi na minne jikoni. Na mpishi mwenzangu tunayemwita Sista Usafi, miaka minne tu, anayenawa mikono hata akitoka kunawa.
Tumbo langu linanguruma tangu Jumamosi. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 4 Machi
Njia imepatikana. Shemeji, mdogo wake mke wangu, anaishi kwetu. Hajawahi kuugua hata mafua. Anakula kwa niaba ya watu watatu. Nimempa kikopo, nikamwambia kuna utafiti wa watu wenye afya bora. Alifurahi sana. Hajawahi kuchaguliwa kwa lolote.
Alitumia dakika nne. Nimeandika jina langu juu ya kikopo.

Jumatano, 5 Machi
Foleni ya maabara. Sista Usafi mbele yangu, kikopo chake ndani ya mfuko wa zawadi. Mama wa maabara alikiinua changu kwenye mwanga, akaniambia walihitaji kiasi cha punje ya karanga. Foleni nzima ilicheka. Nami nikacheka, kwa choo kisicho changu.
Tumbo limetulia kabisa. Limesubiri nikabidhi.

Jumatatu, 10 Machi
Majibu. Sista Usafi mzima. Mpishi mkuu mzima. Hata dada wa kuosha vyombo, anayekohoa mwaka mzima, mzima. Mimi ninao.
Afisa afya kaeleza kwamba mtu anaweza kuwabeba bakteria hawa miezi kadhaa bila kuumwa popote. Nilitaka kusema si changu. Lakini anayedanganya sampuli anafukuzwa kazi. Nimevua aproni mbele ya wote. Sista Usafi kanishika bega, kanipa pole, kisha kaenda kunawa.

Alhamisi, 13 Machi
Nakaa nyumbani. Mke wangu anatoka alfajiri kwenda kazini. Uji wa binti yetu wa miaka mitatu anaupika Shemeji. Leo nilimwambia anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kikombe cha mtoto.
Akaniuliza: "Shemeji, hivi kati yetu mwenye bakteria ni nani?"
Nikamsogezea sabuni. Akakoroga uji.

Jumapili, 16 Machi
Binti kalazwa. Homa, kuhara, dripu kwenye kile kimkono. Daktari kauliza nyumbani nani anaumwa. Mke wangu akanionyesha kwa kidevu, bila kunitazama. Mtoto alinyoosha mikono nimbebe. Mke wangu akasema nisimguse, nimeshafanya ya kutosha. Akamkabidhi kwa Shemeji.
Nilifungua mdomo. Shemeji alikuwa anamfuta mtoto midomo kwa kidole. Nilimwambia akanawe. Mke wangu akaniambia nitoke nje, nikatoka.

Jumatano, 19 Machi
Binti karudi nyumbani. Kapungua mpaka gauni linamteleza begani. Ananyweshwa maji na Shemeji. Sista Usafi kakabidhiwa jiko.
Afisa afya kaacha vikopo vitatu: cha mke wangu, cha Shemeji, changu. Cha Shemeji kikipimwa, maswali yatakuwa mengi na mke wangu anajua kuuliza. Changu sikiamini.
Nimezungumza na fundi cherehani wa nyumba ya pili. Mtu mtulivu, havuti, hanywi. Kakubali kujaza viwili.
Safari hii sikukurupuka. Nilimuuliza kwanza kama anaumwa popote. Kasema haumwi kabisa.