Upande B wa Maji Yametulia

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Wateja haba. Amani tele. Kisha akaja Sylvester.

Sylvester ni dereva wa bajaji na rafiki yangu tangu utotoni, ingawa hilo la pili silisemi mbele yake. Alikaa kitini, nikamnyoa upande mmoja wa kichwa, ndipo akasema, bila kuulizwa, kwamba Maji Yametulia ni albamu mbovu. Eti Ngurumo za Songwe walikuwa bendi ya roki ya kweli mpaka walipofika albamu ya mwisho. Hapo wakachoka. Wakaingiza kinanda. Gitaa likalala. Aliyasema hayo ndani ya saluni iitwayo Maji Yametulia, chini ya maandishi niliyoyachora kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilizima mashine. Nikamwambia hatoki kitini mpaka afute kauli. Akajibu kwamba yuko radhi kutembea na nusu ya nywele, na kila abiria atakayeuliza atamtajia kinyozi. Nikawasha mashine.

Lakini sikuyaacha. Nilimuuliza aliisikia lini mara ya mwisho. Akakiri ni zamani, kijana bado, tena upande A tu, kwenye redio ya mjomba wake. Upande A tu! Mtu anahukumu albamu nzima kwa upande A.

Nikamwonyesha kaseti yangu. Kyela nzima hakuna nyingine. Ni halisi, na ushahidi ninao: kile kijitundu cha juu kimezibwa kwa kipande cha karatasi, kwa ustadi kabisa. Huo ndio muhuri wa kaseti za toleo la kwanza. Hakuna aliyenifundisha hilo. Niligundua mwenyewe.

Tumekubaliana. Mdahalo Jumamosi saa nane mchana, barazani kwangu. Atakayeshindwa afute maandishi yake na kuandika ya mwenzake. Mimi ni jina la saluni. Yeye ni "Moto wa Kwanza", albamu ya kwanza ya Ngurumo, iliyoandikwa nyuma ya bajaji yake. Jaji ni Mama Jeni, muuza vyungu sokoni, kwa sababu aliwahi kuwaona Ngurumo jukwaani, ng'ambo ya mto, na hakuna mwingine wa kudai hivyo.

Watu wote wananiita Maji. Hata mchungaji. Siwezi kuitwa Moto katika umri huu.

Jumanne, 6 Mei

Nimeanza na jaji. Si rushwa. Ni kununua vyungu.

Mama Jeni ni Mkisi wa kule ufukweni, na vyungu vyake havina mpinzani. Nikamwamkia kwa adabu zote, "Mugonile, mama," nikainama mpaka mgongo ukalia. Nikanunua chungu kidogo. Nikamuuliza, kama mtu asiye na haja, anaionaje Maji Yametulia. Akasema hasemi kabla ya kusikia. Nikanunua cha pili, kikubwa zaidi. Akasema nina jicho la kuchagua. Nikanunua kile kikubwa kabisa cha kuwekea pombe, na mimi situmii pombe. Akanishukuru, ndaga fijo, akasema leo biashara imemwendea vizuri, asubuhi Sylvester naye alichukua vingi kuliko mimi.

Sylvester hana hata pa kuviweka. Nimeona bajaji yake ikipita inagongana yenyewe kwa ndani.

Lakini kuna faraja. Nimeingiza spika yangu ndogo ndani ya chungu kikubwa, kwa kutaka tu isiliwe na unyevu. Besi iliyotoka humo! Mteja aliyekuwa kitini aliruka, nikamkata kidogo. Amesamehe. Sylvester hana habari na silaha hii.

Jumatano, 7 Mei

Nimemfanyia Felista mazoezi ya hotuba. Ni mke wangu, hawezi kuondoka.

Nimempitisha taratibu. Upande A ni maandalizi. Utukufu uko upande B, wimbo wa mwisho. Hapo Ngurumo wananyamazisha vyombo vyote. Hakuna gitaa. Hakuna ngoma. Ni sauti tupu, kundi zima la wanawake, na katikati jogoo anawika, mtoto analia, benchi linalalamika. Bendi gani nyingine ya roki ilithubutu kumwingiza jogoo studio? Na maneno yake: "Bwana, tumefika mlangoni, usituache nje." Wasiojua watadhani ni mambo ya dini. Mimi nimefikiri sana. Bwana ni meneja wa bendi. Mkataba umekwisha, wanamwomba awafungulie tena. Inatia huruma.

Na ile sauti ya mwanamke anayeongoza. Hapo hotuba yangu inakwama kila mara, kwa sababu kila mara nalia. Niliinunua kaseti hii ujanani nikiwa sina redio, nikaiweka sandukuni, nikamwacha Felista na sanduku, nikaenda Chunya kutafuta dhahabu. Dhahabu sikuiona. Niliporudi nilikuja na redio, nikaweka kaseti kwa mara ya kwanza, na sauti ile ikaniambia nimefika nyumbani. Sijui niseme vipi zaidi.

Nilipokuwa naupiga wimbo huo, Felista alikuwa akipepeta mchele, akaanza kuimba chini chini. Nikamwomba anyamaze, anaharibu kazi ya sanaa, tena ameshika sauti siyo. Akanitazama. Akanitazama tena. Halafu akacheka mpaka ungo ukamponyoka.

Huyu hana sikio la muziki. Nampenda hivyo hivyo.

Alhamisi, 8 Mei

Habari mbaya. Sylvester anawahubiria abiria. Kutoka Ipyana mpaka mjini, mtu amelipa nauli yake halali, analazimishwa kusikia jinsi Maji Yametulia ilivyooza. Mteja wangu mmoja amekuja tayari ameshageuzwa. Nimemnyoa kimya kimya.

Nikawaza siku nzima. Hotuba yangu ni nzuri, lakini Sylvester ana mdomo. Dawa ni moja: asiwepo.

Jioni Felista akaileta dawa mwenyewe, bila kujua. Akasema akina mama wa kwaya ya Ipyana, kwaya aliyokuwa akiimbia kabla hatujahamia mjini, wana mazoezi hapa uani kwetu Jumamosi na hawana usafiri. Nikaweka kijiko chini. Nikasema kwa upole kwamba nitawatafutia mimi. Bajaji ya Sylvester. Awafuate saa saba.

Nawajua akina mama wale. Hawajawahi kuondoka kwa wakati tangu wabatizwe. Kuna kubadili kitenge. Kuna kuiombea safari. Kuna kurudi kuchukua mwavuli. Na Sylvester hawezi kukataa, maana mwalimu wa kwaya ni Beatrice, dada yake mkubwa, aliyemlea kwa fimbo.

Felista aliguswa sana na wema wangu. Akanipikia samaki, mbasa kwa ndizi. Nilikula kwa dhamiri safi.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Umeme umekatika. Nimechaji spika kwa jirani mwenye sola. Sylvester alipita akalalamika kwamba dada yake kamkamata kesho mchana, lakini atakimbiza, atawahi. Nikamwambia asihatarishe maisha ya akina mama. Akaniambia hakujua kuwa mimi ni mtu wa kujali hivyo.

Nimenoa hotuba. Nimenoa na wembe, kwa mazoea.

Jumamosi, 10 Mei

Watu walijaa barazani. Wengine walikuja kwa ajili ya roki, wengine kujikinga mvua, wengine kwa sababu nilitangaza kunyoa bure. Mama Jeni akakaa mbele kwenye kiti cha wateja. Saa nane ikafika. Sylvester hayupo. Nikasikitika kwa sauti.

Nikapiga upande A ndani ya chungu. Mama Jeni akafumba macho. Kichwa kikalala begani. Nikaeleza kila wimbo, hata kinanda nikakitetea. Upande A ulipokwisha akazinduka, akauliza mpinzani yuko wapi. Hayupo. Basi, akasema, asiyekuja ameshindwa, Ebeneza (ndilo jina langu la ubatizo) ameshinda, watu waende nyumbani.

Nilikuwa nimeshinda. Nilipaswa kusema ndaga na kukunja busati. Badala yake nikasema hapana, hawawezi kuondoka bila kuusikia wimbo wa mwisho. Mimi huyu huyu.

Nikageuza kaseti, nikaisogeza mbele mpaka wimbo wa mwisho. Jogoo akawika. Nikainua kidole niwaeleze kuhusu jogoo, na hapo bajaji ikasimama nje. Wakaanza kushuka akina mama, na vyungu vya Sylvester mapajani. Beatrice akatia mguu mmoja kwenye tope, akabaki hivyo hivyo, mkono sikioni.

"Mwe," akasema. "Si sisi hawa?"

Nikamwambia kwa heshima kwamba hapana, mama, hawa ni Ngurumo za Songwe. Hakunisikia. Alikuwa ameshaanza kuimba. Na wenzake wakashika, kila mmoja sauti yake, wakaingia barazani wakiimba wimbo wa mwisho wa Maji Yametulia, neno kwa neno, na walipofika kwa mwanamke anayeongoza, sauti ilitoka nyuma yangu, mlangoni. Felista, na jagi la togwa mkononi. Ni ile ile. Imeshuka kidogo, imetulia kidogo, lakini ni ile ile. Ndani ya chungu anaimba msichana, mlangoni anaimba mke wangu, na ni mtu mmoja.

Beatrice akaeleza kila kitu, hadharani. Kwaya ilitaka kujirekodi isikie makosa yake kabla ya tamasha. Kaseti tupu hakuna. Felista akaleta moja ya mumewe aliyekuwa Chunya, wakaziba kijitundu kwa karatasi ya kufungia karanga ili ikubali kurekodi. Jogoo alikuwa wa mwinjilisti. Mtoto alikuwa wake Beatrice, sasa ana watoto.

Sylvester alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji. Halafu akataka wimbo urudiwe. Uliporudiwa hakucheka. Alikuwa anajipangusa uso kwa kofia, akasema ni mvua, na alikuwa ndani.

Nilijaribu. Nilisema kaseti ni kaseti, ihukumiwe kama ilivyo. Mama Jeni akasema upande A umemlaza usingizi, kwa hiyo mimi nimeshindwa, na Sylvester amekuja wakati kesi imekwisha, kwa hiyo naye ameshindwa. Mshindi ni mwenye wimbo. Sote wawili tutaandika atakachosema Felista.

Felista alinong'onezana na Beatrice. Kisha akatamka: Kwaya ya Akina Mama Ipyana. Kwenye saluni na kwenye bajaji.

Akina mama walipiga vigelegele mpaka chungu kidogo kikaanguka kikavunjika.

Jumapili, 11 Mei

Tumekwenda kusali Ipyana. Felista ameshawasimulia; kila aliyenisalimia aliuliza habari za meneja wa bendi.

Njiani kurudi nilimuuliza Felista kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Nilitegemea anicheke. Akasema alidhani najua. Nilikuwa nimerudi Chunya mikono mitupu, sisemi na mtu, naweka kaseti, nasikia sauti yake, nalia. Akaona hivyo ndivyo mume wake anavyosema samahani na asante. Akawa ananipikia mbasa. Juzi tu, nilipomwambia ameshika sauti siyo, ndipo akashtuka kwamba sijui.

Nilibeba mwavuli wake mpaka nyumbani, na mvua ilikuwa imekatika zamani. Nimependa sauti hii nusu ya maisha yangu nikidhani iko mbali. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimefuta Maji Yametulia. Sylvester alikuja kunishikia ngazi, bajaji yake imeshaandikwa, na akina mama wote wa Ipyana sasa wanapanda yake tu. Tulikuwa tumepatana kabisa. Nilifika kwenye herufi ya mwisho nikiwa mtu mpya, mnyenyekevu, asiye na ubishi na yeyote.

Ndipo nikafikiri. Kwaya ilirekodi juu ya wimbo. Kwa hiyo chini yake kulikuwa na wimbo. Wimbo halisi wa mwisho wa Ngurumo za Songwe, uliofutwa, usiojulikana. Na kama kilichowekwa juu kimewaliza watu wazima barazani, huo wa chini ulikuwaje? Bila shaka ndio wimbo bora wa roki uliowahi kupigwa.

Nikamwambia Sylvester. Akaachia ngazi. Akasema ulikuwa takataka, kinanda mwanzo mwisho. Nikamuuliza amejuaje. Akasema anaijua bendi yake.

Mdahalo Jumamosi, saa nane. Mama Jeni amekubali, akaongeza kwamba ameleta vyungu vipya, na nimechukua viwili kabla Sylvester hajafika. Felista ameambiwa, akaenda kucheka uani.

Safari hii siwezi kushindwa. Wimbo huo hakuna binadamu Kyela aliyewahi kuusikia, na kaseti ninayo mimi.