Kicheza Muziki cha Mama

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza! Kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza ya kulia sasa ni seva. Ndani mna nyimbo zote za marehemu Baba, alizojirekodi kwenye kanda sebuleni na gitaa lake. Natengeneza kicheza muziki changu mwenyewe, cha kufunguka kwenye kivinjari, Mama azisikilize kitandani kwa simu. Shemeji, mume wa dada yangu, fundi simu, kasema yeye angezitia tu kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, akamaliza kazi chai ingali ya moto. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi

Kitufe cha kuanzisha wimbo kinafanya kazi. Cha kuusimamisha, bado. Wimbo ulijirudia na kujirudia, mpaka Mama akauliza kwa upole kama inabidi azime simu. Nikamwambia ni majaribio. Amekonda. Tangu mazishi nyumba imepoa, hata sufuria hazigongani.

Ijumaa, 7 Machi

Wazo la kipekee! Nimeandika programu ndogo ya kukata takataka zote kati ya nyimbo: kukohoa, viti kuburutwa, maneno maneno. Faili zimekuwa nyepesi, zinafunguka upesi. Zile za mwanzo nimezifuta. Shemeji kauliza kama nina nakala. Nikamjibu asinifundishe kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Mama alisikiliza. Akarudisha nyuma. Akarudisha tena. Kisha akaniita.

"Mbona hasemi?"

Nikauliza nani.

"Baba yako. Kabla ya wimbo huu alikuwa ananiita. Ananiambia niache vyombo, nije nikae."

Nimepekua seva nzima. Hakuna. Kanda zenyewe nilizitupa mwezi uliopita, nilipokwisha kuzihamishia kwenye kompyuta na kuhakikisha kila kitu kiko salama. Shemeji kaja na vifaa vyake, kahangaika kuzifufua faili mpaka jasho likamtoka. Wapi! Wala hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Jumapili, 9 Machi

Mama hajanilaumu. Leo aliiweka simu kifuani, akaacha wimbo uishe, halafu akayasema yeye mwenyewe yale maneno, polepole, kama Baba alivyoyasema: "Acha vyombo, mke wangu. Njoo ukae." Wimbo uliofuata ukaanza. Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba kajibiwa. Nikatoka uani nikajifanya naangalia nyaya.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka na suluhisho! Nimemwomba Mama ayaseme yote anayoyakumbuka, nimrekodi, niyapachike mahali pake. Kakubali. Kakaa kwenye kiti cha Baba, kaongea vizuri mno, mengine sikuwahi kuyasikia. Katikati alinyamaza kitambo kirefu, akalia kidogo, akaendelea.

Kile kimya na kile kilio nimeshavikata. Faili ya mwanzo nimeifuta, isije ikajaza nafasi bure.