Mbuzi wa Mtoa Siri

Alhamisi, 3 Julai
Baridi kali. Ukungu umeshuka mlimani mpaka mlangoni. Mkutano wa kitongoji asubuhi. Mzee Hans, mwenyekiti wetu, ametundika sanduku la bati kwenye ukuta wa stoo ya kahawa. Anayejua lolote kuhusu huu wizi wa kuku na ndizi aandike, atumbukize, asiweke jina. Habari ikimnasa mwizi, mwenye habari aende kwa mzee Hans kimyakimya, akabidhiwe mbuzi wa maziwa. Mbuzi mwenyewe alikuwepo, amefungwa kwenye nguzo. Mweupe, kiwele kimejaa. Nilimtazama, naye akanitazama. Tumeelewana!

Tangu ng'ombe wetu afe mwezi wa nne, mke wangu Eunike anapika chai kwa maziwa ya Prosper, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji. Kila asubuhi Prosper anamtuma binti yake Nancy na chupa. Hataki malipo. Eunike anasema ni wema. Mimi nasema ni njia ya kunikumbusha nani ana ng'ombe na nani hana. Nikipata mbuzi, maziwa yatavuka mfereji kwenda upande wa pili.

Jumamosi, 5 Julai
Nimejenga kibanda. Eunike kauliza cha nini. Nikasema cha kuni. Kauliza mbona kina hori la majani. Nikaendelea kupigilia misumari.

Nimepiga hesabu zangu. Kesho ni sikukuu ya mavuno, kijiji kizima kitakuwa kanisani. Mwizi atapata nafasi gani tena kama hiyo? Nitabaki nimlie taiming. Nimemwambia Eunike tumbo linakata. Akanichemshia mwarobaini, kikombe kizima, akasimama mpaka nikamaliza. Haki ina gharama.

Jumapili, 6 Julai
Eunike alienda ibadani na mkungu wa ndizi kichwani. Mimi nikajilaza ndani ya shamba la kahawa, kando ya njia. Siafu! Magoti yamekufa ganzi. Hakupita hata paka.

Halafu, mchana, Prosper! Anapanda njia peke yake, amevaa suti, kuna kitu kinafurukuta ndani ya koti. Kichwa kikachomoza. Jogoo! Tena kishingo, asiye na unyoya shingoni. Kijiji hiki kina kishingo mmoja tu, wa Bibi Aikaeli, mjane wa kule juu. Na Prosper alikuwa anatabasamu. Nani anatabasamu peke yake na jogoo wa mjane?

Nikakimbilia kitandani. Eunike alirudi jioni, alikuwa amebaki kuosha masufuria ya kanisa. Anaimba. Akataka kunihadithia ibada ilivyokuwa na mambo ya mnada. Nikakoroma. Sina nafasi ya habari za mnada, nina mwizi mkononi.

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba, hakuna kazi. Nimeandika kwa mkono wa kushoto: Prosper ameiba jogoo wa Bibi Aikaeli, nimemwona kwa macho yangu Jumapili mchana. Nimetumbukiza.

Wakati wa kurudi nikakutana na Nancy na chupa yake. Akanipa shikamoo vizuri kabisa. Marahaba yangu ilitoka nyembamba. Ni mtoto mwenye adabu, na nilijisikia vibaya, sikatai. Nikaenda kufunga mlango wa kibanda, hali hiyo ikapungua.

Ijumaa, 11 Julai
Sijui nianzie wapi.

Sanduku limefunguliwa mbele ya watu wote. Mzee Hans akasoma karatasi ya kwanza, malalamiko kuhusu redio ya mtu. Ya pili ikawa yangu. Prosper akasimama, akavua kofia. Akaishika kifuani kama yuko msibani. Hilo sikulitegemea.

Kabla hajasema kitu, Bibi Aikaeli akainuka na fimbo yake. Akasema jogoo alimtoa yeye mwenyewe, sadaka yake ya mavuno. Baada ya ibada sadaka zikapigwa mnada kama kawaida, Prosper akapandisha bei mpaka wenzake wakakaa chini. Kisha akambeba jogoo akamrudishia nyumbani, kwa kuwa bibi anaishi peke yake na jogoo ndiye anayemwamsha. Kanisa zima lilishuhudia mnada ule. Lilipiga makofi!

Watu wakacheka. Halafu mzee Hans akauliza, polepole, ni nani kitongoji hiki asiyejua jogoo yule alinunuliwa. Hata Wakatoliki walishahadithiwa jioni ileile. Vichwa vikaanza kugeuka, benchi baada ya benchi, mpaka vikafika kwangu. Bibi Aikaeli akaniuliza kwa sauti kama tumbo limepona.

Eunike alitangulia nyumbani. Hakugeuka nyuma.

Jumamosi, 12 Julai
Nancy hakuja. Eunike amekunywa chai ya rangi. Amesema jambo moja tu tangu jana: Prosper ameacha kuongoza doria ya usiku ya kitongoji, kwa sababu mtu aliyeitwa mwizi hawezi kuwaamsha wenzake wakalinde. Akasema nimemvunja mtu.

Nimekaa ndani ya kibanda cha mbuzi muda mrefu. Naona aibu. Ng'ombe wetu alipokufa, Prosper ndiye aliyechimba shimo pamoja nami, mvua inatunyeshea, na machozi yalimtoka yeye kabla yangu. Nimemkosea. Nimemkosea kabisa.

Jumapili, 13 Julai
Nimeenda kanisani, nikakaa benchi la nyuma. Baada ya ibada Prosper akanifuata mbele ya watu wote. Akanipa mkono. Akaniita Baba Godbless kama siku zote. Akasema yameisha, sisi ni majirani, kesho Nancy ataleta maziwa. Akasema atarudi kuongoza doria kwa sharti moja, niwe naye zamu ya Jumanne. Nikalia, na siogopi kuliandika hilo. Eunike akanishika mkono njia nzima. Sijawahi kupanda mlima nikiwa mwepesi namna ile.

Jioni. Nimekula, nimetulia, nimefikiri. Prosper amenisamehe upesi mno. Hakutukana. Hakudai niombe radhi. Mimi ningekuwa yeye, ningenuna mpaka Krismasi! Mtu ambaye hana la kuficha hukasirika. Huyu anataka mambo yaishe harakaharaka. Kwa nini? Na mikungu ya ndizi inaendelea kupotea, hilo hakuna aliyelieleza.

Nimemwuliza Eunike kama haoni kuna kitu hapo. Amechukua kiti chake akaenda kukaa nje, na baridi yote hii.

Haidhuru. Jumanne niko doria na Prosper, amenialika mwenyewe. Nitatembea nyuma yake hatua moja, na sitamwondolea macho.