Profesa Niliyemzaa Mwenyewe

Jumatatu, 4 Machi
"Mwanamke hajui presha ya penalti." Kauli ya Kocha, mbele ya benchi zima la ufundi. Uongo mtupu! Yeye alicheza beki miaka kumi na miwili na hakupiga penalti hata moja. Nimepekua kumbukumbu zote. Mimi ndiye mwanasaikolojia wa timu hii, miaka kumi na mitano kazini, na ofisi yangu ni stoo ya jezi. Leo mchezaji mgeni kaniletea soksi nimfulie.

Nyundo, mpigaji wetu wa penalti, kakosa tatu mfululizo. Nilimweleza Kocha sababu: kipenga kikilia tu, anaukimbilia mpira kama anafukuzwa na nyuki. Avute pumzi tatu, achague kona, asimtazame kipa. Kocha kaniuliza: eti Mama, chai bado?

Kamati inajadili mkataba wangu wiki ijayo. Nisipoonesha kazi, nimekwisha. Nina mpango.

Jumanne, 5 Machi
Nimemzaa Profesa! Mwanamume, mzee, yuko ng'ambo, hapigiwi simu. Kamwandikia Kocha barua pepe: pumzi tatu, kona moja, kipa asitazamwe. Maneno yangu yaleyale. Nimeongeza tu "kijana wangu" na makosa mawili ya chapa, aonekane ana shughuli nyingi.

Jumatano, 6 Machi
Kocha kaisoma barua kwa sauti mazoezini. Kaibandika mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo. Nyundo kafunga tisa kati ya kumi. Kocha kanigeukia: umeona, Mama, huu ndio utaalamu. Nikatamani kumtafuna. Nikatabasamu. Wakishamwabudu Profesa, nitajifichua, waone haya, wasaini mkataba wangu.

Wifi yangu kacheka hadi akakaa chini. Kasema: wifi, umejiletea mke mwenza kwa mikono yako, tena mwenye ndevu! Mikakati haijui.

Jumamosi, 9 Machi
Nusu fainali. Dakika ya themanini na nane, penalti! Nyundo kavuta pumzi tatu. Nilivuta naye. Wavuni! Tuko fainali! Nimepiga kelele hadi sauti imekauka.

Nyundo kawaambia waandishi wa habari kwamba anamshukuru sana Profesa.

Jumatatu, 11 Machi
Kamati. Wanaume saba, feni moja. Katibu kasoma azimio: nafasi yangu apewe Profesa.

Nikasimama. Nikatamka kwamba Profesa ni mimi. Nikafungua simu, nikawaonesha barua niliyotuma. Kisha Mwenyekiti, kwa upole wa kuudhi, akasema: pole, dada yetu, hatukujua kuwa ni wewe unayemchapia mzee barua zake. Kocha akadakia: ndiyo maana ina makosa!

Nimepewa wiki mbili nikabidhi funguo. Fainali ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Jumanne, 12 Machi
Wifi kanibembeleza niache uongo. Nikae na Nyundo, nimweleze ukweli, naye auseme mwenyewe hadharani. Wifi yangu, moyo mzuri, akili ya kuchemshia maji!

Profesa anapingwa na nani? Na profesa mkubwa zaidi. Tayari nimemzaa: miaka themanini na mmoja, ndevu hadi kifuani. Kaandika kwamba yule wa kwanza ni mbumbumbu na mimi nibaki. Barua imeondoka saa nne asubuhi. Saa nne na dakika sita Kocha kajibu: ndiyo, Mheshimiwa, na je, wewe mwenyewe unaweza kuja lini?

Nimemjibu kwamba naja Alhamisi. Sijui kwa nini. Nitafikiria.

Na nyinyi wajumbe saba, daftari hili likiwafikia: futeni azimio lenu. Leteni mkataba wenye jina langu, si la mzee yeyote, na muusaini kabla ya fainali. Nyote saba. Kwa kalamu.